Nuru Iliyokuwa Ikivuja Kati

Mlio haukufa.

Kwa kawaida ulikufa upesi. Zawena Mbwambo aliuingiza mwale wa nuru kati ya vioo viwili vilivyotazamana, akaufungia humo. Mwale uligonga kioo hiki ukarudi kwa kile, maelfu ya mara, na kila ulipogonga ulipungua kidogo. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajapepesa jicho, lakini mashine iliurefusha muda huo na kuugeuza sauti, ili waliomo maabara wasikie nuru inavyokufa. Kwa utando wa zamani, ule uliopakwa na wajenzi wa kwanza ndani ya Bomba Kuu lililoshusha nuru mjini, sauti ilikuwa kama ya mtu aliyegusa uzi wa gitaa na kuubana papo hapo.

Safari hii, kwa utando mpya alioutengeneza yeye, ilianza, ikaendelea. Zawena alisimama na kikombe cha chai mkononi, hajakitia mdomoni. Kuboja, mwanafizikia mwenzake, mtu wa Ukerewe ambaye hakuamini kitu mpaka kirudiwe mara tatu, aliacha alichokuwa akifanya akainamisha kichwa kusikiliza. Sauti ilishuka polepole, ikawa nyembamba, na bado ilikuwepo. Ilipozimika, chai ilikuwa imepoa.

"Rudia," Kuboja alisema.

Wakarudia. Wakabadili vioo, wakarudia tena. Mara ya tatu Kuboja alianza kucheka peke yake, na Zawena, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia watu ovyo, akamkumbatia.

Miaka yake yote mwezini alikuwa akiwinda wezi wawili. Utando wenyewe ulikuwa tabaka la oksidi ya itriamu, juu yake tabaka la silika, tena itriamu, tena silika, nyembamba kiasi kwamba matabaka yote kwa pamoja hayakufikia unene wa unywele. Itriamu ilichujwa kutoka kwenye mwamba wa hapo hapo. Mwizi wa kwanza alikuwa upungufu wa oksijeni: pale ambapo punje ya oksijeni ilikosekana, utando uliifyonza nuru na kuigeuza joto. Wa pili alikuwa fuwele. Zilikua ndani ya utando kama chumvi inavyoganda kwenye sufuria, zikaufanya uso uwe na vinundu, na kila kinundu kilitawanya nuru huku na huko mpaka ikapenya kioo cha bomba na kutokea nje. Zawena aliwakomesha wote wawili kwa kuulisha utando oksijeni wakati unajengwa na kuchanganya kidogo metali iitwayo gadolini, ambayo ilizizuia fuwele zisikue. Ukieleza hivyo ni maneno machache. Ujana wake ulikuwa umeishia humo.

Habari zilimfikia Bi Thekla Kamugisha, mwenyekiti wa mji, kabla hawajamaliza kufuta meza. Alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na hakuuliza mlio ulidumu kiasi gani. Aliuliza kama utando huo ungeweza kupakwa bomba zima kabla chombo hakijafika.

Swali hilo lilikuwa kwenye vichwa vya watu wote wa Bondeni. Mji wao ulikuwa chini ya shimo kubwa karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Waliujenga hapo kwa sababu ya barafu, na barafu ilikuwepo kwa sababu jua halikuwahi kufika hapo tangu mwezi uwe mwezi. Juu, Ukingoni, jua lilizunguka upeoni na karibu halitui kabisa. Basi vioo vya Ukingoni vililikusanya, Bomba Kuu likaiteremsha nuru kupitia handaki refu lililochimbwa mwambani, na kila jani lililoota Bondeni na kila pumzi iliyovutwa huko vilitegemea kile kilichofika mwisho wa bomba. Kilichofika hakikutimia nusu.

Na sasa watu mia mbili walikuwa njiani kutoka duniani. Waliondoka wakitegemea bomba la pili, na bomba la pili lilikuwa limeporomoka pamoja na handaki lake wakati wao wapo angani. Sheria ya mji ilisema mgeni hatatua mpaka theluthi mbili ya nuru ya Ukingoni ifike Bondeni. Bi Thekla ndiye aliyeitunga, baada ya mwaka ambao uongozi uliotangulia ulipokea watu kwa matumaini matupu na njaa ikaingia. Mumewe alizikwa mwaka huo. Chombo kisiporuhusiwa kutua kingeuzunguka mwezi na kurudi kilikotoka, kwa kuwa hakikuwa na mafuta ya kusubiri.

Ndani ya chombo hicho alikuwemo Namkunda, binti wa Zawena, pamoja na mama yake mdogo. Zawena alimwacha Usangi, kwa bibi yake, akiwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Sasa alikuwa darasa la nne.

"Utapakika," Zawena alisema. "Bomba likipakwa lote, bila kuruka hata kipande, tutapita theluthi mbili kwa kiasi kidogo."

* * *

Mashine ya kupaka waliiita Konokono, kwa sababu ilitambaa ndani ya bomba na kuacha nyuma yake njia inayong'aa. Ilikuwa na umbo la pete, nuru ikipita katikati yake; ilikwangua utando wa zamani kwa mbele, na kwa nyuma tanuri lake likapuliza mvuke wa oksidi ukutani, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya bomba kulikuwa ombwe tupu, kwa hiyo haikusumbuliwa na vumbi wala unyevu. Lakini ilikuwa na masharti mawili. Tanuri lisipoe, maana likipoa tabaka la mwisho litapasuka. Na utando mpya, ukishaganda, hakuna kitu mjini ambacho kingeweza kuukwangua tena.

Walimwingiza Konokono kwa juu, Ukingoni, akaanza kuteremka. Kuboja alibaki Bondeni kwenye kipimo. Zawena alifuata kwa miguu ndani ya handaki, kando ya bomba, akipima kila kipande kilichokamilika. Humo kulikuwa na hewa, na uzito mdogo wa mwezini ulimfanya mtu ateremke kwa miruko mirefu kama anacheza.

Kila aliposimama kupumzika, Kuboja alimpigia kumpa habari. Namba inapanda. Mimea ya chumba cha nne, iliyokuwa imelegea, imesimama. Watu wametoka vyumbani wanatazama vivuli vyao, kwa sababu vimekuwa vyeusi na vina kingo, na watoto waliozaliwa huko wanavikimbia. Mwalimu amefunga darasa. Kuna mtu ameleta ngoma. Zawena alisikiliza haya yote akicheka gizani.

Maana handaki lilikuwa limekuwa giza. Zamani bomba liling'aa kwa nje urefu wake wote, mwanga hafifu wa maziwa, na mafundi walitembea humo bila taa. Sasa, kila Konokono alipopita, bomba lilizimika. Nuru yote ilikuwa ndani, inateremka kwa kasi yake bila kugeuka kushoto wala kulia. Zawena aliligusa lile bomba jeusi kwa kiganja na kujisikia mkubwa. Giza lile lilikuwa ushahidi wa kazi yake.

Katikati ya handaki kulikuwa na makazi yaliyoitwa Kati. Alipajua kwa jina na kwa soko tu, maana Ukingoni watu walipanda kwa njia nyingine. Mafundi waliolijenga bomba walipiga kambi hapo, na kazi ilipokwisha wengine hawakushuka Bondeni. Walichimba vyumba ubavuni mwa handaki, wakaoana, wakazaa. Siku za soko walishusha mchicha na mnafu, mtamu kuliko wa Bondeni, na Zawena alikuwa mteja wao. Hakuwahi kujiuliza unaota kwa nuru gani. Kila ukumbi wa Bondeni ulikuwa na dirisha lake kwenye bomba, na alidhani Kati nako kuna lao.

Karibu na hapo alimpita Konokono, akatangulia kufika, na upande wa chini bomba liling'aa kama zamani. Hapo aliona. Matuta yalijengwa kufuata bomba pande zote mbili, hatua kwa hatua, kila tuta limeinuliwa kulikaribia kadiri ilivyowezekana. Vitanda vya watoto vilikuwa karibu na bomba. Mashine ya kushonea ilikuwa karibu na bomba. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa ameliegemea akisoma. Na wengine wote, kama watu mia moja, walikuwa wamesimama kimya wakitazama juu, kule ambako weusi ulikuwa unawajia.

Aliyemjia Zawena alikuwa mama wa makamo mwenye makovu ya moto mikononi. Jina lake Nyanzobe. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi wa kuunga vioo, na sasa watu wa Kati walimsikiliza yeye. Zawena alimwamkia, akamuuliza dirisha lao la nuru liko wapi.

"Hatuna, mwanangu," Nyanzobe alisema. "Bomba hili nimeliunga kwa mikono hii. Tulikatazwa kulitoboa, tukatii. Tukapanda pale linapong'aa."

* * *

Zawena alipata joto usoni kama aliyepigwa kofi. Miaka yote aliiandika nuru ile kwenye hesabu zake chini ya neno moja, upotevu. Alikuwa ameipima mpaka tarakimu ya mwisho. Hakuna hata mara moja alipouliza ikishapotea inakwenda wapi.

Alibonyeza swichi ya kidhibiti alichobeba, Konokono akasimama. Tanuri lake lingebaki na moto kwa muda, si mrefu.

Alimpigia Bi Thekla akamweleza. Bi Thekla akasema hakujua, na anasikitika, na watu wa Kati washuke Bondeni. Atawapatia pa kulala, sakafuni ikibidi. Zawena alimwambia kwamba watu hao wanajilisha wenyewe. Wakishushwa, matuta yao yatakufa, na midomo mia moja itaongezeka kwenye nuru ile ile iliyokusudiwa wageni. Mwenyekiti akajibu kwamba hawezi kuhesabu chakula ambacho hajakiona kikiota. Namba aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, theluthi mbili, na namba hiyo ndiyo iliyowafanya wasizikane tena.

"Ukikiacha kipande hicho na utando wa zamani, hatutafika theluthi mbili," alisema. "Chombo kitarudi. Sikutishi, Zawena. Nakuambia tu ili baadaye usiseme hukujua."

Kisha akakata, kwa sababu alikuwa na mengine ya kufanya na alimwamini mtaalamu wake.

Zawena alikaa juu ya boksi la vifaa. Akilini alimwona Namkunda amekaa dirishani mwa chombo, anautazama mwezi unavyokuwa mkubwa, kisha anautazama unavyokuwa mdogo. Safari nyingine ingekuwa baada ya miaka kadhaa, labda isiwepo kabisa. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na amri ya mwenyekiti na watu mia mbili angani. Watu wa Kati walimtazama, na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba hawakumsihi. Walikuwa mafundi. Walijua mashine ikishaanza kazi haisimamishwi ovyo.

Binti mdogo alipita mbele yake na beseni la maji ya sabuni, akienda kumwaga. Povu lilikuwa limejaa juu, na kwa mwanga wa bomba kila kiputo kilionyesha rangi zake, zambarau, kijani, dhahabu. Zawena aliviangalia viputo vile kama mtu anavyoangalia kitu bila kukiona. Halafu akaviona.

Rangi za povu hazitokani na sabuni. Zinatokana na unene. Utando ukiwa na unene huu unairudisha rangi hii na kuiachia ile ipenye. Ukiwa na unene ule, kinyume chake. Ndivyo hata utando wake ulivyofanya kazi: matabaka yalipangwa kwa unene uliochaguliwa ili rangi zote zirudishwe ndani. Lakini si lazima zote. Mtu angeweza kuyapanga matabaka ya kipande kimoja ili rangi moja tu itoke, na zilizobaki zipite kana kwamba hapakuwa na kitu.

Na rangi ambayo jani linaihitaji kidogo kuliko nyingine ni ile linayoitema. Ndiyo maana jani ni kijani.

Alisimama ghafla hata, kwa uzito mdogo wa mwezini, miguu ikaachana na sakafu. Akampigia Kuboja akamweleza kwa maneno yaliyogongana. Kuboja alisikiliza, akasema anataka kulijaribu jambo hilo kwanza. Alikuwa na vipande vya kioo kwenye maabara ambavyo vilipakwa kwa makosa zamani na vilizuia kijani. Angevitega juu ya tuta moja na kupima mimea ikikosa kijani inatoa oksijeni kiasi gani. Zawena akamsihi aharakishe, tanuri linapoa.

Wakati Kuboja akipima, yeye aliwakusanya watu wa Kati, kwa sababu nuru ilikuwa yao na haikuwa haki awachagulie rangi. Aliwaeleza bila kuficha. Mboga zitaota, kwa kuwa kijani nacho jani hukila kidogo, na hapa kingetoka kwa wingi kuliko mwanga wanaoujua. Zitaota polepole kuliko sasa. Na wao wataishi ndani ya kijani. Kitu chekundu kitaonekana cheusi. Nyanya mbivu hawataijua kwa macho. Nyuso zao zitabadilika, na utando ukishaganda, ndiyo imetoka hiyo.

Walibishana. Kijana mmoja alisema afadhali washuke tu Bondeni wakaishi kama watu. Mwanamke aliyekuwa akisoma alisema yeye aliishi Bondeni, na sakafu za huko anazijua. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa muda wote, aliinua mkono.

"Tutaonana kama maiti," alisema. "Wewe uliyetuletea hii, ungekaa humo?"

Zawena hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria sasa, mbele yao, na wakamwona akilifikiria.

"Nitakaa," alisema. "Utando huo ni mgeni hata kwangu. Lazima mtu auangalie kama utabanduka. Nitahamia hapa."

Nyanzobe aliwatazama watu wake mmoja mmoja, akapata alichokitafuta. Alitaka jambo moja tu, kwamba kipande hicho kianzie kwenye matuta ya mwanzo kabisa na kuishia kwenye ya mwisho, asiachwe mtu gizani. Zawena akakubali.

Kuboja akapiga. Mimea chini ya kile kioo ilikuwa imepunguza pumzi yake kidogo sana, kidogo mno kuliko walivyohofia. Amepima mara tatu.

* * *

Zawena aliandika unene mpya wa kila tabaka kwenye kumbukumbu ya Konokono. Kosa dogo, hata la unene wa punje chache, lingetoa rangi isiyokusudiwa, na hakukuwa na kurudia. Aliyapitia aliyoyaandika mara ya pili. Kisha akampa Nyanzobe taa ammulikie, akayapitia tena. Kipimo cha tanuri kilikuwa kinakaribia alama nyekundu alipobonyeza.

Konokono alitikisika akaanza kutambaa. Weusi uliingia Kati pamoja naye. Bomba lilizimika juu ya tuta la kwanza. Mtoto akalia, mama yake akamnyamazisha. Zawena alihesabu matabaka kwa sauti ya chini, akisubiri yatimie. Giza lilidumu kuliko alivyotarajia, na kwa muda huo mchache aliamini kabisa kwamba amekosea.

Ndipo kijani kikatokea. Kilianza kama pete nyembamba kwenye kioo, kikapanuka, kikakoza, kikamwagika juu ya majani na mikono na paa za vyumba, kijani kibichi kama mpunga unaochipua, chenye nguvu maradufu ya mwanga waliouzoea. Watu walirudi nyuma, kisha wakasogea mbele. Mwanamke mmoja alinyoosha kitenge chake chekundu na kukikuta cheusi tii, akakigeuza upande wa pili kana kwamba wekundu umejificha huko, na waliomwona wakaangua kicheko. Kicheko kikaambukiza. Yule mzee alimtazama mwenzake usoni kwa muda, akasema alivyo mbaya sasa hazidi alivyokuwa jana. Zawena alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, machozi yakishuka taratibu mashavuni jinsi yanavyoshuka mwezini.

Konokono alikwenda zake, tuta kwa tuta, akiisukuma furaha ile mbele yake.

Alipofika Bondeni mwishoni, namba ilisimama chini kidogo ya theluthi mbili.

Bi Thekla hakupiga kelele. Alipanda Kati mwenyewe kwa kitoroli cha handaki, akashuka kwenye ile nuru, akatembea katikati ya matuta mikono nyuma. Alimuuliza Nyanzobe mavuno, akajibiwa. Aling'oa shina moja akatazama mizizi, akalirudisha na kulishindilia udongo kwa vidole. Zawena alimweleza alichopima Kuboja: namba ya sheria inahesabu nuru yote sawasawa, wakati majani hayaili yote sawasawa. Ukihesabu nuru inayoliwa, theluthi mbili imepita. Ukiongeza na chakula cha Kati, imepita zaidi.

"Kila anayetaka kuvunja namba ana sababu nzuri," Bi Thekla alisema. "Hata wale wa mwaka ule walikuwa nazo."

"Sitaki uivunje. Nataka uhesabu na hawa."

 Uso wa mwenyekiti, kwa kijani kile, haukusomeka. Aliuliza ni watu wangapi zaidi ambao Kati ingeweza kuwalisha kwa mwanga huu mpya. Nyanzobe akatazama matuta, akasema arobaini, kama watakuwa tayari kushika jembe na kulima safu za nyuma, ambako mwanga wa zamani haukufika. Bi Thekla akasema basi arobaini watapandishwa hapa, wengine watabaki Bondeni na kula kwa kubana mpaka mavuno mawili yapite, na kuanzia sasa Kati itakuwa ndani ya hesabu za mji, kwa kupewa na kwa kudaiwa. Mavuno yasipofika aliyoambiwa, atarudi, na hatarudi peke yake. Kisha akachukua simu yake, na pale pale kati ya matuta akatoa ruhusa chombo kitue.

Zawena alitaka kumshika mkono. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kugeuka, anafuta udongo kwenye vidole.

* * *

Siku wageni walipopandishwa, Zawena hakushuka bandarini. Utando ulikuwa katika siku zake za hatari, na alikuwa ameahidi. Mama mdogo wa Namkunda alikuwa ameomba wawekwe miongoni mwa wale arobaini, na Bi Thekla aliafiki.

Wanawake wa Kati walijipanga kando ya reli kupokea mizigo. Kitoroli kilisimama. Wageni walishuka wakishikana, hawajazoea wepesi wa miili yao, wakikodolea macho watu wa kijani na matuta ya kijani. Nyuma ya mkokoteni wa mabegi akatokea msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa mabutu, ameshika ukingo wa mkokoteni kwa mikono miwili.

Zawena alimjua kabla hajainua uso. Akabaki pale pale kwenye mstari, kati ya wanawake wa Kati.

Msichana aliwatazama wanawake wale, mmoja mmoja, nyuso zao zote rangi moja na midomo yao myeusi. Sura aliyoizoea kwenye skrini kila juma haikuwepo pale. Akamwendea aliyekuwa karibu, kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo. Mama yangu anafanya kazi huku. Unamfahamu?"

"Marahaba," Zawena aliitikia.

Mtoto alikuwa amekwisha kugeuka amuulize wa pili. Akasimama. Akageuka tena polepole, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali. Kisha akaruka kwa nguvu zake zote, nguvu za mtoto wa milimani Usangi, akapaa juu kupita alivyokusudia na kumwangukia mama yake kifuani. Wakabiringika wote wawili mpaka katikati ya matuta, na Nyanzobe akaja mbio akipiga kelele waangalie mchicha.